MACHO YA MBWA YAKIGEUKA MANJANO
Namna ya kutambua ini lililougua na nyongo iliyoziba



Wengi wetu hapa Likoni, Kisauni na Changamwe tuna mbwa. Yeye ndiye askari wa banda la kuku la kikundi, ndiye anayefukuza tumbili kwenye mahindi na mwizi kwenye mbuzi. Mshahara hapati. Chakula chake ni makombo: ukoko wa sufuria, ugali uliolala, na mara nyingi unga ambao sisi wenyewe tumeukataa. Akiugua tunasema ni uzee, au jirani amemtegea sumu, au amelogwa. Akifa tunamzika nyuma ya nyumba na habari inaishia hapo.

Habari haifai kuishia hapo. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Eldoret na hapa hapa Mombasa kwa sababu ya chakula kilichowekwa vibaya kikaingia sumu ya kuvu. Mwaka 1981 kule Machakos walikufa njiwa wengi, wakafuata mbwa, kisha wakafuata watu. Watu 20 waliugua ini na 12 kati yao wakafariki. Mahindi ya nyumbani mwao yalipopimwa yalikutwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 balaa lilirudi, hasa Makueni na Kitui: watu 317 waliugua na 125 wakafa.

Angalieni mpangilio wa mwaka ule wa 1981: ndege, mbwa, halafu mtu. Mbwa anakula chungu kimoja na sisi, tena anakula kile kibovu zaidi. Ini lake linapigwa kabla ya letu. Kwa hiyo mbwa mwenye macho ya manjano si shida ya mbwa peke yake. Ni ujumbe kwa nyumba nzima, na ni lazima tujue kuusoma.

Wako majirani wetu wengi, hasa ndugu Waislamu, ambao hawagusi mate ya mbwa. Hata kwao habari hii ina maana, kwa kuwa mahindi tunayanunua duka moja, na panya hachagui nyumba ya kuingia.

KAZI YA INI NA NYONGO

Kila aliyewahi kumpasua kuku anaijua nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini, ambacho mama alituonya tusikipasue, nyama isije ikawa chungu. Mbwa naye anacho, na sisi pia tunacho.

Ini ndilo linalotengeneza nyongo. Nyongo inakaa kwenye kifuko chake, kisha mbwa akila inateremka kwa mfereji mwembamba hadi kwenye utumbo na kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Zaidi ya hapo, ini linaondoa sumu kwenye damu, linaweka akiba ya sukari, na linatengeneza vitu vinavyoifanya damu igande mtu au mnyama akijikata.

Sasa rangi ya manjano inatoka wapi? Chembe nyekundu za damu ya mbwa zinaishi karibu miezi minne tu. Zikizeeka zinavunjwa, na wekundu wake unageuka kuwa rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini linaiokota rangi hiyo kwenye damu na kuitia kwenye nyongo. Nyongo inaipeleka utumboni, na huko ndiko inakogeuka na kukipa choo rangi yake ya kahawia. Kazi hii inaendelea kila siku na hatuioni. Tunaiona siku inapokwama. Rangi inabaki kwenye damu, inaingia kwenye macho, fizi na ngozi, na hapo tunasema mbwa ana umanjano.

Watu wengine huita hali hii homa ya manjano. Tusichanganye. Homa ya manjano ni ugonjwa wa binadamu unaoletwa na mbu na una chanjo yake. Umanjano tunaousema hapa ni dalili, kama moshi. Ukiuona moshi unajua kuna moto, lakini bado hujajua kinachoungua ni nini.

MILANGO MITATU

Rangi ya manjano inaweza kukwama mahali patatu. Tuviite milango mitatu.

Mlango wa kwanza uko kabla ya ini. Ini ni zima, lakini chembe nyekundu zinavunjwa kwa wingi kupita kiasi, mpaka ini linashindwa kuokota rangi yote. Sababu kubwa hapa pwani ni homa ya kupe. Vijidudu vinavyoletwa na kupe vinaingia ndani ya chembe za damu na kuzipasua.

Mlango wa pili ni ini lenyewe. Ini limejeruhiwa na sumu ya kuvu, au na vijidudu vya mkojo wa panya, au na virusi, au na dawa. Haliwezi kufanya kazi yake.

Mlango wa tatu uko baada ya ini. Ini linatengeneza nyongo, lakini mfereji umeziba na nyongo haifiki utumboni. Inarudi nyuma na kumwagika kwenye damu. Kinachoziba kinaweza kuwa uvimbe wa kongosho, nyongo iliyogeuka nzito kama ute wa bamia, kijiwe, au kansa.

Matibabu ya milango hii hayafanani. Dawa ya kupe haisaidii mfereji uliozibwa, na ukimpa mbwa aliyekula sumu ya kuvu dawa ya kupe bila kupima, unamwongezea ini mzigo. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kutambua, na sehemu kubwa ya kutambua inaanzia nyumbani bila kulipa hata shilingi.

UCHUNGUZI WA NYUMBANI

1. Jilinde kwanza. Mbwa anayetembea kama mlevi, anayetokwa na mate, anayegandamiza kichwa ukutani au anayetazama bila kukutambua anaweza kuwa na ini lililoshindwa kabisa, kwa sababu sumu imepanda kwenye ubongo. Lakini dalili hizo hizo ni za kichaa cha mbwa. Usimshike na usimfungue mdomo. Mfungie mahali pamoja, weka watoto mbali, mwite daktari wa mifugo. Kama ameshamuuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na umpeleke mtu huyo hospitali siku hiyo hiyo.

2. Kama mbwa ni mtulivu, mtoe nje mchana. Taa ya koroboi na balbu ya njano zinadanganya. Angalia weupe wa jicho, fizi, ndani ya sikio, na ngozi ya tumbo pasipo na manyoya. Mbwa wengine wana fizi nyeusi tangu kuzaliwa, basi kwao tegemea jicho na tumbo.

3. Bonyeza ufizi kwa kidole, uachilie, uangalie rangi. Hapa ndipo penye habari kubwa. Ufizi wa manjano uliopauka kama karatasi unaonyesha damu imepungua, elekea mlango wa kwanza. Ufizi wa manjano ambao bado una wekundu wa afya unaelekeza mlango wa pili au wa tatu.

4. Kinga mkojo kwenye mkebe mweupe au chovya kipande cha pamba nyeupe. Mkojo wenye rangi ya chai ya turungi iliyokolea au ya machungwa unaonyesha rangi ya nyongo imemwagikia kwenye figo. Mkojo mwekundu au mweusi kama kahawa unaonyesha damu inavunjika. Lakini mkojo pekee hautoshi, kwa sababu mbwa mzima naye anaweza kutoa rangi ya nyongo kidogo mkojo ukiwa mzito, hasa mbwa dume.

5. Angalia choo. Kikiwa cheupe au cha kijivu kama chokaa, nyongo haifiki utumboni, na huo ni mlango wa tatu. Kikiwa cheusi na kinachonata kama lami, kuna damu inayovuja tumboni, na hiyo ni hatari kubwa. Kikiwa cha kahawia au cha machungwa, nyongo bado inapita.

6. Papasa tumbo taratibu. Tumbo lililojaa maji huku mgongo na mbavu vimebaki mifupa linaweza kuonyesha ini lililougua siku nyingi. Hata hivyo minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu na hupatikana kwenye mbwa wa pwani, nayo inaweza kujaza tumbo maji. Kama mbwa analia ukimgusa chini ya mbavu na anatapika, fikiria kongosho au mfereji wa nyongo.

7. Hesabu. Ni mbwa mmoja tu, au wako wengi? Kuku je? Njiwa? Mbwa wa jirani? Mbwa mmoja akiugua, huenda ugonjwa ni wake. Mbwa wawili watatu na kuku wakiugua wiki moja, acha kutazama wanyama na utazame gunia.

8. Andika. Katibu wa kikundi achukue daftari: siku ya kwanza kukataa chakula, alikula nini wiki mbili zilizopita, dawa gani amepewa, chanjo ya mwisho ilikuwa lini, kupe wapo au hawapo. Daktari akipewa karatasi hiyo ameokolewa nusu ya kazi.

Jambo moja zaidi. Ini lina akiba kubwa, kwa hiyo umanjano huchelewa kuonekana. Dalili za mwanzo ni ndogo: mbwa anakataa chakula, anatapika, analala kutwa, anakunywa maji mengi. Katika sumu kali ya kuvu wengine hufa kabla macho hayajageuka rangi. Tusingoje manjano ndipo tushtuke.

MAGONJWA YANAYOTUHUSU ZAIDI

Homa ya kupe. Mbwa ana joto kali, fizi zimepauka, amechoka kupita kiasi, na mkojo unaweza kuwa mwekundu. Si lazima uone kupe siku hiyo, maana alishashiba akaanguka na kujificha kwenye ufa wa ukuta. Homa hii inatibika vizuri ikiwahiwa. Lakini dawa zake za sindano, zile zinazotumiwa pia kwa ng'ombe wenye nagana, zina nafasi ndogo sana kati ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachoharibu ubongo wa mbwa. Mbwa lazima apimwe uzito.

Leptospirosisi, ugonjwa wa mkojo wa panya. Panya anakojoa kwenye dimbwi, kwenye mtaro, kwenye takataka. Mbwa anakunywa au anapita hapo akiwa na kidonda. Ini na figo vinapigwa pamoja. Mbwa ana homa, anatapika, misuli inamuuma, mkojo unaweza kupungua au kukatika. Tunaoishi karibu na majaa kama Mwakirunge, au kwenye mitaro inayofurika wakati wa masika, tuwe macho. Ugonjwa huu unampata binadamu kwa njia ya mkojo wa mbwa huyo. Anayemhudumia avae glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hakuna. Asafishe sakafu kwa maji yenye klorini, na anawe kwa sabuni. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa na maumivu ya misuli aende hospitali na amwambie daktari kwamba mbwa alikuwa mgonjwa. Dawa za antibiotiki zinafanya kazi zikianza mapema. Chanjo ya mbwa ipo na hurudiwa kila mwaka.

Homa ya ini ya mbwa inayoletwa na virusi. Huwapata zaidi watoto wa mbwa na mbwa wasiochanjwa. Wengine jicho hugeuka la samawati wanapoanza kupona. Virusi hivi si vile vya homa ya ini ya binadamu, haviambukizi watu. Chanjo yake imo kwenye sindano ya pamoja ambayo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, na kurudiwa mpaka afikishe wiki 16.

Sumu ya kuvu. Aflatoksini hutengenezwa na kuvu inayoota kwenye mahindi, njugu na vyakula vya mifugo vilivyopata unyevu. Mbwa anakataa chakula, anatapika, analegea, anageuka manjano, anatoa choo cheusi, na damu inatoka puani au kwenye fizi kwa sababu ini haliwezi tena kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hii. Kinachosaidia ni kuondoa chakula kile mara moja, kumpa maji ya mshipani na dawa za kulisaidia ini. Habari njema ni kwamba ini lina uwezo wa kujijenga upya ikiwa sumu imekatwa kabla halijaharibika lote.

Sumu nyingine. Parasetamoli yetu ya kichwa inaharibu ini na damu ya mbwa. Mbegu za mtapo, ule mti unaofanana na mnazi mfupi ambao wengi wameupanda kama pambo mbele ya nyumba, zinaua ini la mbwa anayezitafuna. Kuna nyumba zinamtibu mbwa kwa kupe kumbe mbegu ziko kibarazani.

Mfereji kuziba. Huonekana zaidi kwa mbwa watu wazima. Mara nyingine huanzia kwenye kongosho lililovimba baada ya sikukuu, mbwa alipopewa mafuta na ngozi za nyama kwa wingi. Manjano yake hukolea sana, fizi haziko nyeupe, choo kinapauka. Nyongo isipofika utumboni, vitamini K haisharabiwi, na mbwa anaanza kutokwa damu kirahisi. Wengine hutibika kwa dawa, wengine huhitaji kupasuliwa.

KWA DAKTARI: KIPIMO GANI KWANZA?

Vikundi vyetu havina pesa za kupima kila kitu. Ni haki yenu kumwuliza daktari kwa heshima: tuanze na kipi, na jibu lake litabadilisha nini? Mpangilio mzuri ni huu.

Kwanza, tone la damu. Daktari anatoboa ncha ya sikio, anapaka damu kwenye kioo na kuangalia kwa hadubini kama kuna vijidudu vya kupe. Kisha anajaza damu kwenye kimrija cha kioo na kukizungusha kwa mashine mpaka chembe zitulie chini. Hapo anapata majibu mawili kwa mara moja. Chembe nyekundu kwa mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55 katika kila sehemu 100. Zikishuka sana, ni mlango wa kwanza. Na maji yanayobaki juu ya chembe: kwa mbwa mzima ni meupe, yakiwa manjano ni umanjano wa kweli, yakiwa mekundu damu inapasukia mwilini. Kipimo hiki ni rahisi, na kinafaa kutangulia vyote.

Pili, vipimo vya ini katika maabara. Viko viwili vya kukumbuka. ALT hupanda chembe za ini zinapojeruhiwa, na kwa hiyo inaelekeza mlango wa pili. ALP hupanda mapema na juu sana nyongo inapokwama, inaelekeza mlango wa tatu. Lakini ALP hupanda pia kwa mbwa mchanga anayekua mifupa, na kwa mbwa aliyechomwa sindano za steroidi. Ndiyo sababu lazima umwambie daktari dawa zote alizopewa, hata zile za dukani. Vipimo hivi viwili vinaonyesha jeraha, havionyeshi nguvu iliyobaki. Nguvu ya ini inapimwa kwa protini ya damu, sukari, na muda wa damu kuganda.

Tatu, picha ya altrasaundi. Hiyo ndiyo inayoonyesha kama mfereji umetanuka, kama kifuko cha nyongo kimejaa uzito, kama kuna kijiwe au uvimbe. Ombeni picha hii kama dalili zinaelekeza mlango wa tatu, maana ndiyo itakayoamua kama mbwa apasuliwe.

Kipo kipimo kingine kizuri cha asidi za nyongo, ambacho damu hutolewa mbwa akiwa na njaa na tena saa 2 baada ya kula. Kinafaa kwa mbwa anayekonda na kuchanganyikiwa bila umanjano. Kama mbwa ameshakuwa manjano na damu yake haivunjiki, kipimo hicho kitakuwa juu kwa vyovyote vile na hakitaongeza habari. Pesa hiyo itumieni kwa altrasaundi.

Kukata kipande kidogo cha ini na kukipima ni kwa mwisho, na si kabla ya kujua kama damu inaganda.

Mbwa akifa na hakuna aliyejua sababu, usimzike haraka. Mwambie daktari wa mifugo wa kaunti. Mzoga ukiwahishwa, ini linaweza kuchunguzwa, na maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iko Mariakani. Usimpasue mwenyewe.

MAMBO YA KUEPUKA

• Usimpe parasetamoli, wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu.
• Usimnyweshe maziwa au mafuta ya kupikia ati kukata sumu. Mafuta yanamwumiza zaidi mwenye kongosho lililovimba.
• Usimpe dawa ya minyoo siku hiyo. Ini lililolemewa lisiongezewe kazi.
• Usimlazimishe kula, lakini maji safi yawepo karibu naye.
• Usipoteze wiki nzima kwa dawa za kujaribu. Macho ya manjano ni ya kupelekwa kwa daktari siku hiyo au kesho yake asubuhi. Ukiwa Likoni na daktari yuko kisiwani, piga simu kwanza kabla ya kuvuka feri, ujue kama yupo na kama ana hadubini.

MBWA AKITANGULIA, TUTAZAME GUNIA

Tuseme katika boma moja mbwa wawili wamekataa chakula, mmoja macho ni manjano, na kuku watano wamekufa bila kukohoa wala kuharisha. Fizi za mbwa si nyeupe, kupe hawaonekani. Mama wa nyumba anakumbuka kwamba juzi alichambua mahindi, mazuri akapeleka kusaga, yale meusi na ya kijani akawapikia mbwa na kuwamwagia kuku.

Hapo daktari aitwe, lakini kabla hajafika nyumba ifanye mambo manne. Iache kula kutoka gunia lile, watu na wanyama. Iweke kando sampuli ya mahindi au unga ndani ya mfuko mkavu wa karatasi. Imjulishe afisa wa afya ya umma au mhudumu wa afya wa kijiji. Na mtu yeyote aliye na tumbo linalouma, kutapika au macho ya manjano aende hospitali bila kungoja.

Tukumbuke kwamba kupika hakuondoi aflatoksini. Moto wa ugali hauiui. Kuosha hakuitoi yote. Wala kumpa ng'ombe si njia ya kuokoa hasara, kwa sababu sumu inapita kwenye maziwa na kurudi kwa mtoto. Mahindi yaliyooza yazikwe. Sheria ya Kenya inakubali aflatoksini isiyozidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni 1 za mahindi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Hata unga wa pakiti si wa kuaminiwa kwa macho tu: Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu hiyo.

Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, basi kazi yetu ni kukausha na kuweka pakavu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kuweka, pimeni kwa chupa: chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi hadi robo yake na kijiko cha chumvi kavu, tikiseni, acheni kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Chumvi ikianguka chini yote, yako karibu tayari. Mwenye uwezo anunue mifuko isiyopitisha hewa. Kikundi kinaweza kununua kwa pamoja.

Mungu alituweka tuvitunze viumbe vyake, na katika utunzaji huo mara nyingi tunajikuta tumejitunza wenyewe. Mbwa hana mdomo wa kusema unga umeharibika. Ana macho. Tuyatazame kila wiki, mchana, penye mwanga.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mtaa wetu, mbwa na kuku wanakula nini? Nani huchambua mahindi, na yale mabovu yanakwenda wapi?
2. Mwaka huu ni wanyama wangapi wamekufa bila kujulikana sababu? Je, walikufa pamoja au mmoja mmoja?
3. Ni daktari yupi wa mifugo aliye karibu, na ni nani kati yetu ataweka namba yake ya simu?
4. Je, kikundi kinaweza kutenga akiba ndogo kwa ajili ya chanjo za mbwa na kipimo cha damu?
5. Dimbwi au jaa lipi lililo karibu nasi linahitaji kusafishwa kabla ya masika?